Mkimbiaji wa Alfajiri

Mzee Yusufu alinitambua kwa ubishi wangu. Ilikuwa mwaka jana, wiki chache kabla ya Ramadhani, kwenye harusi ya mjukuu wa jirani yangu hapa Unguja. Nilikuwa jikoni nikimwambia mpishi kwamba sinia za biriani zilizotoka hazilingani na mchele ulioingia, kwa sababu nilizihesabu zikipakuliwa na nikazihesabu tena zikipita mlangoni. Mzee mmoja, mgeni kutoka Ngazija, alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha plastiki, fimbo katikati ya magoti. Akageuza shingo na kusema kwa Kingazija, "Sauti hiyo naijua. Wewe si Bi Bei wa Mahabibo?" Jina hilo nilipewa na mtu mmoja tu duniani, na waliolisikia likitoka mdomoni mwake ni wachache kuliko sinia zilizopotea. Nikamwachia mpishi wizi wake. "Yusufu," mzee akasema, akijigonga kifua kwa kidole. "Nilikula kwenu nyuma ya pazia." Nikaketi chini, juu ya gunia la vitunguu. Aliyoniambia siku ile nitayaweka mwisho, maana mimi mwenyewe yalinifikia mwisho.

Nasimulia mwaka ambao michezo ya visiwa ilikuja Mahajanga, bandari ya kisiwa kikubwa cha Wamalagasi. Ilikuwa miaka michache baada ya vita, Mfaransa bado yuko, na mimi nilikuwa msichana wa kuuza mikeka na pilipili manga sokoni Mahabibo, mtaa wetu Wakomoro. Nyumbani tulisema Kikomoro, sokoni Kimalagasi, na ofisini tulinyamaza mpaka mtu wa Kifaransa apatikane. Yote nimeyageuza Kiswahili hapa, lugha niliyozeekea. Mji ulishikwa na homa. Watu wa Reunion walikuwa wanakuja, wa Morisi wanakuja, wa Ngazija na visiwa vyake, pamoja na vijana wa bandari zote za kisiwa chetu kikubwa: mpira, baiskeli, kuogelea, kuruka, mbio. Manispaa ilipaka chokaa kila kitu kisichoweza kukimbia. Mawe ya barabarani, mashina ya minazi, ukuta wa soko, hata mbuzi wa jirani yetu aliyelala vibaya aliamka na ubavu mweupe. Hoteli za ufukweni zilijaa wageni weupe kwanza, kisha wageni wenye barua za wakubwa. Waislamu wa Ngazija na wa Nosy Be wakaletwa kwetu Mahabibo, kwa sababu, alisema Mesye, yaani yule bwana Mfaransa wa Kamati ya michezo, huko watajisikia wako nyumbani. Walijisikia kweli. Sisi ndio tuliolala kwa majirani.

Kamati ilikuwa imefikiria kila kitu isipokuwa mwezi. Michezo ilipangwa iishie siku ya taifa lao, tarehe kumi na nne Julai, na mwaka ule Julai ilikuwa Ramadhani. Hakuna aliyeuliza. Koko yangu, yaani bibi yangu mzaa mama, ambaye ndiye aliyekuwa serikali ya nyumba yetu, alipoambiwa alicheka mpaka akashika ukuta. "Wametuletea wageni wa kulishwa," akasema, "katika mwezi wa kutokula."

Lakini mgeni mmoja alikuwa wangu. Madi nilikutana naye Nosy Be, kisiwa kidogo kaskazini mwetu, mwezi wa Aprili, nilipokwenda na mama mdogo kununua mikeka. Alikuwa mchukuzi wa maua katika shamba la langilangi. Wanawake huchuma gizagiza, kabla jua halijapanda, na maua lazima yafike kwenye mtambo wa kuchemshia yangali na ubaridi wa usiku, maana yakipigwa na jua harufu hufa. Basi kila alfajiri Madi alijitwika gunia akakimbia nalo kutoka shambani hadi mtamboni, akarudi, akakimbia tena, na jua lilipotoka kazi yake ilikuwa imekwisha. Wenzake walipanda mkokoteni wa ng'ombe. Yeye alisema ng'ombe anafikiri mno. Hivyo ndivyo alivyopata miguu ile, na hivyo ndivyo Mesye mmoja mwenye shamba alivyomwandikisha kwenye mbio ndefu za michezo. Nataka msomaji alishike hili, kama mimi nilivyopaswa kulishika: alikuwa mkimbiaji wa alfajiri. Hakuwahi kukimbia juani maisha yake yote. Kazi yake ilikuwa kulikimbia jua.

Mikeka yetu ilikuwa ng'ambo, Antsahampano, upande wa kisiwa kikubwa, na Madi alivuka nasi ili kuibeba. Nikamtajia ujira. Akataja wake. Nikapunguza, akaongeza, nikapunguza tena. Tulifanya hivyo tangu gatini mpaka katikati ya maji, na mama mdogo akalala. Tulipofika, maji yalikuwa yamekupwa, chombo kikakaa matopeni mbali na nchi kavu, nasi tukangoja bahari irudi. "Wewe," akaniambia, "ukizaliwa upya utauliza bei ya hewa." Nikamjibu kwamba kwanza nitauliza kama kuna ya jana iliyobaki. Akacheka, na harufu ya langilangi ikatoka shatini kwake kama vile shati nalo limecheka. Tangu siku ile akaniita Bi Bei. Alikataa ujira wote, na mtu anayekataa ujira baada ya kuupigania nusu ya bahari ana neno. Neno lenyewe lilifika kwa Koko mwezi uliofuata, likiwa na mjomba wake, kofia mpya na kilo mbili za vanila.

Kwetu Wakomoro mwanamke haendi kwa mume. Mume ndiye huhamia. Binti hujengewa nyumba na watu wa mama yake, na mwanamume hubisha hodi hapo kama mgeni, kisha akawa wa nyumba. Mimi nilikuwa na chumba changu uani, mabati na mbao, mlango wa bluu uliokuwa bado unanuka rangi, kitanda kikubwa ambacho hakikulaliwa na mtu. Harusi ilipangwa baada ya msimu wa mvua, ngoma na yote. Sasa Kamati ikagawa wageni nyumba kwa nyumba, na Madi akaangukia kwetu. Hapo pakawa na tatizo ambalo Mesye asingelielewa hata kwa ramani: mchumba hawezi kulala ua mmoja na binti ambaye hajamwoa, na nyumba ya mkwe haiwezi kumwacha mkwe akalishwe na jirani. Wazee wakakaa alasiri nzima. Mama mdogo alisema apelekwe msikitini. Mjomba akasema aibu. Koko akasikiliza mpaka wakachoka, kisha akasema, "Nikahi ni maneno machache na mashahidi wawili. Ngoma itangoja, ngoma haina njaa." Madi alishuka melini Jumanne, na Jumatano baada ya futari alikuwa mume wangu. Nilivaa leso ya mama yangu. Vijana wa timu ya Ngazija ndio waliokuwa wageni wa harusi, nao, kwa kutokuwa na cha kuleta, waliimba.

Siku zilizofuata ndizo ninazozikagua mpaka leo, moja moja, kama mtu anayekagua mayai kwenye mwanga. Vijana wa Ngazija walikuwa wasafiri, na msafiri ana ruhusa ya kula. Basi sisi wanawake, tukiwa tumefunga, tulipika chakula cha mchana: wali, samaki wa nazi, kisamvu. Wao waliona haya kula mbele ya wafungaji, wakatundika shuka katikati ya sebule na kula nyuma yake, wakitafuna polepole wasisikike. Madi alikaa upande wetu wa shuka, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. "Bwana harusi!" sauti ya Yusufu ikatoka nyuma ya pazia. "Mke umepata, wali umekosa!" "Wewe mla mchana," Madi akajibu, "hesabu matonge yako, mke wangu atakuuliza." "Ameshayahesabu," akasema mwingine, "mara mbili." Wakacheka huko, nasi tukacheka huku, shuka likatikisika katikati. Jioni tulikula wote pamoja, uji wa mchele wenye pilipili manga, mkate wa sinia, tende, na Madi alinyanyua kikombe chake mwisho, baada ya kuhakikisha kila mgeni anacho. Nilimwambia anajifanya mkuu wa nyumba. "Si najifanya," akasema. "Nina mlango wa bluu."

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa: angekimbia akiwa amefunga. Na yeye pia alitoka Nosy Be, alikuwa msafiri kama wao, ruhusa yake ilikuwa ile ile. Nikamwendea fundi, ambaye kwetu si mtu wa misumari bali ni mwalimu wa chuo cha Kurani, mzee mpole aliyenifundisha kusoma. Nikamkuta barazani akiponda tambuu ya jioni. "Fundi," nikasema, "Madi ametoka ng'ambo. Ale siku ya mbio."

"Juzi alikuwa msafiri," fundi akasema. "Leo ana mke hapa, ana kitanda, ana mlango. Mtu aliyefika kwake hasafiri."

"Kitanda chenyewe hakijamaliza wiki, fundi."

"Binti, hapa si sokoni."

"Kila mahali ni sokoni, fundi, isipokuwa watu hawasemi."

Akatabasamu, akaacha kuponda. "Sikiliza. Afunge, na akiona mwili unashindwa, afungue palepale. Hilo si kosa, hilo ni amri. Mungu si askari wa manispaa, hamvizii mtu kwenye kona. Mwambie hivyo, kwa maneno yangu." Nikamwambia Madi hivyo, kwa maneno yake, na nikayarudia. Madi aliitikia kichwa kama mtu anayesikia habari za mtu mwingine.

Nikajaribu mlango wa pili. Mbio zilikuwa za kutoka Amborovy, kule kwenye mchanga nje ya mji, hadi ufukweni mjini, na mwanzo zilipangwa asubuhi. Mesye wa Kamati alipokuja kukagua vitanda, na karani wa Kimalagasi nyuma yake, akatangaza kwamba zimesogezwa saa tisa alasiri. Meli ya Gavana ingechelewa, na Gavana alitaka kuziona zikimalizika baada ya chakula chake cha mchana. Nikamwomba karani amwambie kwamba saa tisa jua la hapa huwa bado limemkalia mtu kichwani, na wakimbiaji wengine wamefunga, zirudi alfajiri. Karani akatafsiri. Mesye akasema saa ya Gavana haibadilishwi. "Mwambie basi Gavana aje alfajiri," nikasema, "nitampikia uji." Karani akanitazama, akamtazama Mesye, akasema maneno marefu ya Kifaransa ambayo hayakuwa na uji ndani yake. Mesye akainamisha kichwa kwa adabu, akabonyeza godoro kwa kidole, akaenda zake.

Ukabaki mlango wa tatu, ambao ni Madi mwenyewe. Asubuhi ya mbio tulikaa ndani, mimi kitandani, yeye chini akijifunga miguu vitambaa, maana viatu alivyopewa na Kamati vilikuwa vya mtu mwenye miguu ya Kamati. Nikamwambia, "Wenzako wote watakunywa njiani. Ukisikia kizunguzungu, kunywa."

"Bi Bei, hawa ni wageni. Mji ni wetu, michezo iko kwetu. Nitakunywaje mimi mwenyeji, watu wa Mahabibo wamesimama njiani wananitazama, wake kwa waume wamefunga? Watasema mkwe wa Koko amekuja kula."

"Nina bei yangu."

"Najua. Taja."

"Ukizidiwa, unakunywa. Siku hiyo utadaiwa. Baada ya Idi tunailipa pamoja, wewe na mimi, siku moja, mlango tumeufunga, njaa yako na njaa yangu mkeka mmoja. Na magharibi nakupikia chochote utakachotaja."

Akafikiri. Alifikiri kweli, nilimwona. "Pweza?" akauliza.

"Pweza wa nazi."

"Na huhesabu vipande."

"Sihesabu."

Akanyoosha mkono, tukashikana kama watu wa sokoni, kiganja kikapiga kiganja. "Tumekubaliana," akasema. Nimepatana na watu maisha yangu yote, Wahindi wa nguo, mabaharia, mawakala wa kodi, na sijapata kupokea mkono uliokuwa mkavu na mwepesi vile.

Mbio sikuziona. Wanawake wa nyumba yetu hawakwenda ufukweni, na pia nilikuwa na sahani za kuosha. Nilisikia bendi kwa mbali, kisha kelele, kisha bendi tena. Wa kwanza alitoka Morisi. Madi alimaliza wa tatu, mbele ya wote wa kisiwa kikubwa. Alivuka kamba, akampungia mkono mtu asiyekuwapo, akapiga hatua chache kuelekea mjini, upande wa kwetu, akaanguka. Daktari wa Kamati alikuwa kwenye hema la Gavana. Vijana walipoona anachelewa walimweka Madi juu ya mlango wa kibanda cha samaki wakambeba mpaka Mahabibo, kwa sababu mtu akiumia hupelekwa kwake, na kwake palikuwa kwangu. Ngozi ilikuwa kavu, ya moto kama chungu. Fundi aliingia bila hodi. "Mpeni maji," akasema, "mpeni sasa hivi, ni wajibu, mnangoja nini?" Mimi nilikuwa nimeshashika kikombe. Nikamwinua kichwa, nikamtilia. Maji yalikaa mdomoni kidogo, kisha yakatoka pembeni, yakashuka shingoni, yakalowesha mto mpya. Nikatia tena. Fundi alikuwa analia, mzee yule, ndevu zimelowa, anasema, "Kunywa, mwanangu, nimekuruhusu." Nikatia tena. Adhana ya magharibi ilipoanza Koko alinishika mkono akaniondolea kikombe taratibu, na hapo ndipo nilipojua, kwa sababu Koko hakuwa mtu wa taratibu.

Vijana wa Ngazija walikaa na kuzika nasi. Walishusha pazia lao wenyewe, wakalikunja vizuri, wakaliweka juu ya kabati. Gavana alituma shada la maua yaliyokwisha kunyauka. Mjini watu walisema amekufa swaumu yake ikiwa kamili, wakaniambia nifurahi. Nikawashukuru, nikasogeza sahani. Lakini mwanamke mmoja muuza maji, aliyekuwa kwenye njia panda ya kutoka Amborovy, alimwambia mama mdogo kwamba alimwona Madi akichukua kopo mkononi mwake. Alilichukua, akasema, kisha umati ukamziba. Neno hilo nililishika kama mtu anavyoshika ukingo wa chombo. Ina maana alikunywa. Alikumbuka kiganja changu, akaacha watu wa Mahabibo waseme watakavyo, akakunywa. Ila mwili ulikuwa umeshakwenda mbali. Hivyo alikuwa anadaiwa siku moja, na mapatano yetu yalikuwa ya kulipa pamoja. Baada ya Idi nikajifungia chumbani, nikafunga siku ile kwa niaba yake. Magharibi nikapika pweza wa nazi. Sikuhesabu vipande. Siku moja ikilipwa imelipwa, fundi aliniambia, hairudiwi. Mwaka uliofuata nikailipa tena. Nilihama Mahajanga nikaja Unguja, nikaolewa na mtu mwema, nikazaa, nikauza nguo Darajani, nikamzika naye uzeeni, na kila mwaka baada ya Idi nikafunga siku moja ambayo sikumweleza mtu. Watoto wangu walidhani ni nadhiri ya ugonjwa. Kwangu ilikuwa siku pekee katika mwaka ambayo mume wangu wa kwanza na mimi tulikuwa na mlango wetu.

Sasa Yusufu, kwenye kiti cha plastiki, mpishi akipiga kelele nyuma yetu. Alisema alikuwa akinitafuta tangu zamani, halafu aliacha kunitafuta kwa sababu aliogopa kunipata. Siku ile ya mbio alikuwa ubavuni mwa Madi tangu Amborovy. Kwenye njia panda yeye Yusufu alikuwa ameanza kuyumba. Alikuwa amekula, amekunywa, na bado jua lilimshinda. "Madi akapokea kopo kwa yule mama," akasema. "Nikajua atakunywa, midomo ilikuwa imepasuka. Akaliangalia, bibi. Akaliangalia kwa muda kama mtu anayesoma. Halafu akanishika kisogo hivi, akaniwekea kopo mdomoni, akaniambia, 'Kunywa, mgeni, uko kwetu.' Mpaka tone la mwisho. Vidole vyake vilivyolowa akavipangusa kwenye suruali, asije akavilamba. Mimi nilitoka wa saba. Hata faida haikupatikana."

Nilimuuliza kama ana hakika. Nikamuuliza tena, kwa maneno mengine, kama ninavyouliza bei. Akasema ana hakika. Nikamshukuru, nikamletea biriani, sinia nzima, na aliposema ni nyingi nikamwambia ale, ni mgeni.

Kwa hiyo Madi hakudaiwa kitu. Siku zote nilizolipa, nilizilipa kwenye duka lisilokuwa na deni, na yule niliyejifungia naye mlango hakuwa ndani. Alishika maji mkononi, akanikumbuka au hakunikumbuka, na akachagua kuwa mwenyeji. Siwezi kumlaumu, ni Koko aliyempa mlango, na ni mimi niliyeupaka rangi mlango ule nikamwambia ni wako. Nilitaka awe wa kwetu. Akawa.

Ramadhani ya mwaka jana ilipokwisha na Idi ikapita, siku yangu ikafika. Niliamka kabla ya alfajiri kwa mazoea, nikakaa kitandani bila kujua la kufanya. Sikutia nia. Mchana sikula, lakini hiyo haikuwa swaumu, ilikuwa ni kukosa njaa tu. Ilipotimia saa tisa alasiri nilitoa kiti nje, nikakiweka palipo na jua, si kivulini, na mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, unaumwa?" Nikamwambia aniletee maji ya baridi, bilauri kubwa, ajaze hadi juu. Nikaishika mkononi. Nikaiangalia kwa muda. Kisha nikanywa yote, mpaka tone la mwisho, kwa sababu tulishikana mikono asubuhi ile, na mmoja wetu alikuwa ameahidi kunywa.